Daftari la Kuuguzia: Mwongozo kwa Anayemuuguza Mzazi Nyumbani Kigoma

Mama yetu alipopatwa na kiharusi, baba alikuwa tayari na miezi minane akitibiwa saratani ya tezi dume, na nyumba yetu ya Ujiji ikawa na vitanda viwili vya wagonjwa chini ya paa moja. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtoto aliyejikuta katika hali kama ile, awe hajawahi kuondoka Kigoma au amerudi kutoka mbali kwa ajili ya kuuguza. Hauchukui nafasi ya daktari wala ya muuguzi. Unaeleza kazi inayobaki nyumbani baada ya mgonjwa kuruhusiwa, ambayo wodini huelezwa kwa dakika chache huku mkikusanya vyombo, nawe ukaifanya kwa miezi au hata miaka.

1. Fungua daftari kabla hujatoka hospitalini

Nunua daftari kubwa lenye jalada gumu na uligawe sehemu nne. Katika ukurasa wa mwanzo andika jina la ugonjwa kama lilivyo kwenye faili, magonjwa mengine aliyonayo mzazi kama vile presha au kisukari, dawa inayomdhuru ikiwa ipo, na namba za simu za watu watatu wanaoweza kufika usiku. Ikiwa mwandiko wa daktari hausomeki, mwombe kwa adabu akusomee huku unaandika, na umsomee tena ulichoandika ili akusahihishe.

Sehemu ya kwanza ni ya dawa: jina la dawa, kipimo, saa iliyopangwa, saa iliyotolewa, na jina la aliyeitoa. Safu hiyo ya mwisho niliiona kuwa ya ziada mpaka juma la pili, ambapo mama alipewa kidonge cha presha mara mbili katika jioni moja, kwa kuwa mimi nilidhani dada yangu hajampa naye akadhani mimi sijampa. Alipoketishwa ale alilegea mikononi mwetu, na usiku ule tuliumalizia hospitalini. Tangu siku hiyo hakuna dawa iliyotoka kwenye kopo bila kuandikwa kwanza.

Sehemu ya pili ni ya kinachoingia na kinachotoka, yaani chakula, maji, mkojo na choo. Sehemu ya tatu ni ya maswali ya kumwuliza daktari, yale yanayokujia saa nane usiku na kukutoka kichwani ukishaketi mbele yake. Sehemu ya nne ni ya fedha. Andika kila shilingi iliyoingia na aliyeituma, kila shilingi iliyotoka na ilikokwenda, kisha ubane risiti pamoja. Kaka aliyeko mbali ambaye hutuma fedha kila mwezi ana haki ya kujua zilivyotumika, na akioneshwa ukurasa hatakuwa na haja ya kuuliza kwa sauti ya kushuku.

2. Jua ngazi za matibabu na nani anayelipa

Kwa mgonjwa wa Kigoma ngazi zinajulikana: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni. Ikishindikana hapo, wengi hupelekwa Bugando mjini Mwanza, au Dar es Salaam kwenye hospitali ya Muhimbili na taasisi ya saratani ya Ocean Road. Usisafiri bila barua ya rufaa, na kabla ya kusafiri mwulize daktari maswali matatu: huko kitafanyika nini kisichoweza kufanyika hapa, kitambadilishia mgonjwa nini, na anatarajiwa kurudi baada ya muda gani. Reli ya kati kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,200, na mzee mwenye saratani iliyoingia mifupani huusikia kila mtikisiko wa behewa. Safari ya kwanza ya baba ilikuwa na maana kubwa. Ya pili, nikisema kweli, tuliifanya ili ndugu wasije wakasema hatukujitahidi.

Kuhusu gharama, Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawapa msamaha wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Anza kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, upate barua ya utambulisho, kisha umwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kuanza kulipa, kwa sababu kudai fedha iliyokwisha kulipwa ni kazi nyingine kubwa. Mtoto aliye mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya na ahakikishe mapema kama wazazi wake wamo katika orodha ya wategemezi wake.

3. Tengeneza kitanda, kisha jifunze kugeuza

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hupata vidonda vya mgandamizo kwa sababu uzito wa mwili hubana ngozi kati ya mfupa na godoro hadi damu ikose njia, na kidonda kinachoanza kwa siku moja huweza kuchukua miezi kupona. Sehemu za kutazama ni mwisho wa uti wa mgongo juu ya makalio, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, mabega, viwiko na nyuma ya kichwa. Vitabu vingi husema utafute wekundu, lakini katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta mahali palipokolea weusi kuliko pembeni, palipo na joto au ubaridi usio wa kawaida, au palipokuwa pagumu kama pamevimba. Ukipaona, mgonjwa asipalalie tena mpaka parudi katika hali yake, na usipasugue kwa mafuta ukidhani unapelekea damu, kwa kuwa kusugua huumiza ngozi iliyokwisha kudhoofika. Hiyo si dhambi ya mawese wala ya mafuta mengine. Yapake kwenye ngozi kavu ambayo haijaanza kudhurika.

Mgeuze kila baada ya saa mbili mchana, na usiku kadiri muuguzi alivyokuelekeza. Mzunguko wetu ulikuwa ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia. Anapolala ubavu asisimame wima juu ya mfupa wa nyonga. Mwegemeze kidogo kwa mto mgongoni, uweke mto mwingine katikati ya magoti, na mwingine chini ya miguu ili visigino vining'inie bila kugusa godoro. Usimburute. Tandika shuka lililokunjwa mara mbili chini ya mwili kuanzia mabegani hadi mapajani, watu wawili mkamate pembe zake, mhesabu pamoja na kumnyanyua. Aliyepooza upande mmoja asivutwe kwa mkono uliolegea, kwa maana bega lake huchomoka kwa urahisi na maumivu yake hayaishi upesi. Godoro la hewa lenye pampu ni msaada mkubwa ukilipata, ingawa bado utageuza. Pete ya mpira ya kukalia, ambayo watu wengi huinunua kwa nia njema, ni bora uiache, kwa sababu hubana damu kuzunguka pale pale unapopalinda.

Ikiwa mgonjwa ana mpira wa mkojo, mfuko wake ukae chini ya usawa wa kibofu lakini usiguse sakafu, umwagwe kabla haujajaa, na mahali mpira unapoingilia paoshwe kwa maji na sabuni kila siku na mtu aliyenawa mikono.

4. Chakula: kwanza aketi

Kiharusi huweza kulegeza koo, na chakula au maji yakipita njia ya hewa huleta nimonia. Kwa hiyo usimlishe aliyelala, hata kama ni kijiko kimoja cha uji na hata kama yeye mwenyewe anaomba. Mketishe wima, kidevu kiinamie kifua kidogo, mpe kijiko kidogo upande wa mdomo wenye nguvu, subiri ameze, ndipo utoe kingine. Akimaliza, abaki ameketi kwa nusu saa. Akikohoa anapokunywa, au sauti yake ikigeuka kuwa kama ina maji, simamisha na umweleze muuguzi. Mara nyingi maji matupu humshinda mgonjwa wa namna hiyo kabla ya uji mzito.

Ugali wa muhogo, ambao mama aliupenda kuliko chakula chochote, ulikuwa mgumu kwake kwa sababu huvutika na kunata. Tulimpa ndizi zilizopondwa, maharage yaliyochujwa maganda, na mgebuka uliochemshwa ukatolewa miiba na mtu mwenye macho mazima. Kwa mwenye presha, dagaa waliokaushwa kwa chumvi waloweke na kumwaga maji ya kwanza. Mgonjwa wa saratani anayekataa chakula katika siku zake za mwisho asilazimishwe, kwa kuwa mwili wake hauna tena matumizi nacho. Mlowanishe midomo na umpe anachokitamani, hata kikiwa vijiko viwili vya chai.

5. Maumivu yatibiwe kwa saa

Waulize hospitalini kuhusu tiba shufaa, yaani huduma inayolenga kupunguza maumivu na mahangaiko ya mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi, na ambayo huweza kutolewa sambamba na matibabu mengine. Kwa maumivu makali ya saratani dawa yake kuu ni mofini ya maji. Jina hilo huwatisha watu, na kwetu liliwatisha hasa wajomba, waliosema baba atakuwa teja. Mgonjwa anayepewa mofini kwa ajili ya maumivu, kwa kipimo cha daktari, haitumii kama anavyoitumia mtu wa mtaani, na woga huo umewaacha wazee wengi walie usiku kucha bila sababu.

Mofini ya maji hutolewa kwa kawaida kila baada ya saa nne, na siri yake ni kutosubiri maumivu yarudi. Ukisubiri mgonjwa alie ndipo umpe, utakuwa unayafukuza maumivu yaliyokwisha kukutangulia. Katika siku za mwanzo huweza kusinzia au kuchefukwa, na mara nyingi hali hiyo hupita. Kisichopita ni kufunga choo, kwa hiyo dai dawa ya kulainisha choo siku ile ile unayokabidhiwa mofini, na uandike siku za choo katika sehemu ya pili ya daftari. Tumia kipimo kilichotolewa na hospitali, usitumie kijiko cha jikoni, na ufungie chupa mahali ambapo watoto hawafiki. Usiongeze wala kupunguza kwa uamuzi wako. Akilala usingizi usioamshika na pumzi zake zikawa chache sana, usimpe dozi inayofuata. Mpeleke hospitali mara moja.

Ukurasa mmoja wa daftari uwe wa dalili za hatari, na nakala yake ibandikwe ukutani. Kwetu uliandikwa hivi: uso kupinda, mkono au mguu kulegea ghafla au maneno kukwama, hata kama yatakoma baada ya dakika chache, mgonjwa wa saratani kupata maumivu mapya ya mgongo pamoja na miguu kukosa nguvu au kushindwa kuzuia haja, mkojo kukoma au kuwa na damu, homa, kupumua kwa shida. Lolote kati ya hayo lina maana ya kuondoka saa hiyo hiyo, wala si kusubiri kuche.

6. Amueni nani anamwogesha nani

Mwongozo mwingi wa kitabibu huliruka jambo hili, nalo ndilo lililotusumbua kuliko dawa zote. Mimi ni mtoto wa kiume, na mama yangu alikuwa tayari kukaa na uchafu mpaka asubuhi kuliko kunionesha utupu wake. Tulikaa kikao tukagawana: mama mdogo na dada walimwogesha mama, mimi na mpwa wangu tukamwogesha baba. Wajukuu nao waligeuka kuwa msaada tusioutarajia, kwa sababu ule utani wa bibi na mjukuu huondoa aibu ambayo kati ya mzazi na mtoto haiondoki. Mjukuu humwita bibi yake mke mwenza na kumtania kuwa anamharibia kanga zake, na kazi inakwisha huku wote wanacheka. Anayeoshwa afunikwe kila sehemu isiyooshwa kwa wakati huo, aelezwe kabla ya kuguswa, na mlango ufungwe hata kama mmebaki wawili tu.

Gawaneni pia usiku. Anayeuguza usiku asipewe mchana kazi ya kupokea wageni, hata kama mila inataka mtoto mkubwa ndiye awapokee. Jirani akija na salamu yake ya "mwakeye" asubuhi, aliyekesha anaruhusiwa kuwa amelala.

7. Wape marafiki walio mbali kazi ya kufanya

Neno "pole" lina nafasi yake, lakini halimgeuzi mgonjwa. Nilikuwa na watu saba katika simu, baadhi tuliosoma pamoja na wengine ambao hadi leo hatujaonana ana kwa ana, tuliofahamiana kwa sababu kila mmoja alikuwa anamuuguza mzazi au alikuwa amemzika karibuni. Bila wao nisingemaliza mwaka ule, na nimejifunza kwamba msaada wa watu wa namna hiyo huja vizuri zaidi ukiupangia utaratibu.

Wachache wanatosha. Kundi la ukoo libaki kuwa la ukoo, lenye michango, matangazo na lawama zake. Hili lingine liwe la watu unaoweza kuwaambia kwamba leo umemkaripia mama yako na unajionea aibu. Kila jioni saa mbili niliwatumia mistari mitatu niliyoitoa kwenye daftari, yaani dawa, chakula na hali ya mgonjwa, kisha mstari wa nne kuhusu mimi mwenyewe. Huo wa nne ndio niliotamani kuuruka kila siku, na ndio waliouuliza kila nilipouruka.

Kisha kila mmoja apewe kazi inayolingana na mahali alipo. Aliyeko Muscat, ambako saa iko mbele yetu kwa moja, alikuwa akiamka kwa ajili ya swala ya alfajiri wakati mimi naamka saa kumi kumgeuza baba, kwa hiyo alinipigia wakati huo na tukazungumza mpaka nimalize kufunga shuka. Aliyeko Mwanza alitutafutia mahali pa kulala karibu na Bugando na akatueleza dirisha la kuanzia. Mwingine, muuguzi mstaafu, ndiye pekee aliyepokea picha ya kidonda cha kisigino. Mwingine hakuwa na fedha wala utaalamu, lakini alijua Kiha cha zamani, akawa anamtumia mama salamu na vichekesho kwa sauti. Maneno ya mama yalikuwa yamekwama tangu siku ya kiharusi, ila kucheka kulikuwa hakujakwama.

Kuhusu picha, weka sheria tangu siku ya kwanza. Mzazi aliye uchi, aliye na kidonda au anayelia asipigwe picha ya kusambazwa, na hata picha ya kawaida aombwe ruhusa kwanza kama ana fahamu, kwa sababu picha hiyo itabaki katika simu za watu baada ya msiba. Kuhusu tiba, marafiki wema kabisa watakutumia habari za majani yanayomaliza saratani kwa siku saba. Usigombane nao. Andika jina la majani hayo katika sehemu ya maswali, mwoneshe daktari, na mgonjwa asimeze chochote kabla ya jibu, kwa kuwa mitishamba mingine huharibu figo au ini na mingine hugongana na dawa anazotumia. Vivyo hivyo, ikiwa mzazi amekwisha kunywa dawa za mganga, mweleze daktari bila kuficha. Atakasirika kidogo, lakini atajua anachotibu.

Fedha ikitumwa, iandikwe, na aliyetuma atumiwe picha ya risiti hata kama hakuiomba. Usipohitaji fedha, sema unahitaji nini. Na ujiandae kwa mwezi wa tatu au wa nne, ambapo ujumbe hupungua kwa sababu watu nao wana maisha yao. Aliyenyamaza si adui, na ukimwandikia wewe mwenyewe mara nyingi hurudi.

8. Zungumza na mzazi angali na sauti

Chagua wakati ambao maumivu yametulia na wageni hawapo. Mwulize angependa kujua kiasi gani kuhusu ugonjwa wake, kwa maana wako wazee wanaotaka kuambiwa kila kitu na wako wanaotaka mkubwa wa familia aambiwe kwa niaba yao. Mwulize kama hali ikizidi angependa kupelekwa tena Dar es Salaam au kubaki nyumbani, angependa azikwe wapi, ana deni gani au anamdai nani, na hati za shamba ziko wapi. Baba alijibu yote kwa utulivu kuliko sisi tuliouliza, akaongeza moja ambalo hatukuliuliza: tusimuuze ng'ombe wa mama kwa ajili ya safari nyingine ya treni. Majibu yaandikwe na yasomwe mbele ya angalau ndugu wawili, mmoja wa upande wa baba na mmoja wa upande wa mama. Ikiwa kuna mali ya kugawa, wosia wenyewe uandikwe kwa utaratibu wa kisheria ukiwa na mashahidi.

9. Vitu vinavyobaki

Dawa zilizobaki mgonjwa akibadilishiwa tiba au akifariki zisigawiwe majirani. Mofini hasa irudishwe katika hospitali iliyoitoa, mkononi mwa mfamasia, na urudishaji huo uandikwe. Kiti cha magurudumu kilichoazimwa kirudi kikiwa kimeoshwa na magurudumu yake yametiwa mafuta.

Mama bado yupo, na daftari lake ni la tatu sasa. Godoro la hewa alilolilalia baba tulilipeleka Gungu kwa kijana anayemuuguza baba yake mkubwa, pamoja na pampu yake na kurasa tatu tulizonakili: ya kugeuza, ya kulisha na ya dalili za hatari.